Hewa Huambaa Ukuta: Historia ya Moshi, Upepo na Nyumba Zetu

Leo hatutazungumzia dawa. Tutazungumzia kitu ambacho hakinunuliwi dukani, lakini mtoto hukivuta usiku na mchana hata akiwa amelala. Hicho ni hewa ya ndani ya nyumba.

Swali la nyanya

Wakati mmoja nilimfuata nyumbani mtoto ambaye alikuwa ameletwa kliniki mara mbili kwa nimonia katika muda mfupi. Mama yake alikuwa msafi. Mtoto alikuwa amepata chanjo zake zote, na alilala ndani ya neti. Tulipofika jikoni ndipo nikaelewa. Ilikuwa jiko mpya, yenye paa la mabati, na mafiga yalikuwa katikati. Pale juu, ukuta unapokutana na paa, palikuwa pamezibwa kwa udongo vizuri kabisa ili mbu wasiingie. Moshi ulipanda hadi kwenye bati, ukatambaa chini ya bati, ukagonga ukuta, kisha ukashuka polepole hadi usawa wa mkeka ambapo mtoto alikuwa amelazwa.

Hatua chache kutoka hapo palikuwa na jiko ya zamani ya nyanya yake, ya udongo na nyasi. Moto ulikuwa unawaka humo pia, lakini ungeweza kuona ukuta wa upande wa pili. Nyanya akaniuliza, "Sista, kwa nini kwangu moshi unajua mlango, na kwa mke wa mwanangu haujui?"

Mpenzi msikilizaji, swali hilo lina historia ndefu. Leo tuifuate pamoja, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo kila mama anaweza kulitumia.

Nyumba za wazee wetu

Eneo letu ni la wajenzi tangu zamani. Kule Nyatike, Migori, kuna Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikisha. Wataalamu wanakadiria kwamba lilijengwa karne ya 16, na mwaka 2018 shirika la UNESCO liliingiza mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta zimebaki, lakini nyumba zilizokuwa ndani hazikubaki, maana nyumba za miti, udongo na nyasi haziishi miaka mia nyingi.

Hata hivyo, namna ya kujenga nyumba kama hizo ilirithishwa, na wengi wetu tumezaliwa ndani yake. Ukuta wa udongo ulikuwa na mwanya juu, pale fito za paa zilipokalia. Paa la nyasi nalo lilikuwa na matundu madogo yasiyohesabika. Moshi ulipenya taratibu, na ukitazama asubuhi ungeona paa zima likifuka kana kwamba linapumua. Moshi huohuo ulikausha nyasi na kupunguza wadudu wanaozila.

Tusiwasifu wazee kupita kiasi. Nyumba hizo pia zilikuwa na moshi, na akina nyanya wengi walipata macho mekundu na kikohozi kisichoisha. Mwanya wa juu uliingiza mbu. Lakini moshi ulikuwa na pa kutokea.

Mabati yalipokuja

Bati la migongo lilivumbuliwa Uingereza mwaka 1829 na injinia aliyeitwa Henry Palmer. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo mizito ya namna hiyo ilipata njia ya kufika nchi ya ziwa. Kwanza bati lilionekana juu ya maduka, makanisa na ofisi, kisha likafika kwenye nyumba za watu. Tulilipenda, na tulikuwa na sababu. Halivuji, haliungui kama nyasi, na maji yake ya mvua yanaweza kuchotwa.

Lakini bati halipitishi moshi. Zamani, hata mtu akiziba mwanya wa juu, nyasi zilisaidia kidogo. Kwenye bati, ukiziba mwanya umeziba kila kitu. Wengi wetu tuliuziba kwa sababu ya baridi, wezi, popo na zaidi ya yote mbu. Tulibadilisha paa, tukasahau kwamba paa lile la kwanza lilikuwa na kazi mbili.

Mshumaa nyuma ya chupa

Sasa tuangalie tabia moja ya hewa ambayo wengi hatukufundishwa. Hewa inayokwenda kwa kasi ikipita karibu na ukuta au dari, huvutwa kuelekea hapo na kuambaa, kama mtumbwi unaoambaa ufuo.

Unaweza kuijaribu mwenyewe, watoto wakiwa mbali kidogo. Weka chupa ya mviringo mezani. Nyuma yake washa mshumaa mfupi. Puliza chupa kwa nguvu kutoka mbele. Ungedhani chupa itaukinga mshumaa, lakini mwali utainama na mara nyingi utazimika. Pumzi yako iligawanyika, ikaambaa pande mbili za chupa na kukutana tena nyuma.

Kwa nini inakuwa hivyo? Fikiria matatu inayokwenda kasi kwenye barabara ya vumbi. Huvuta vumbi na majani yaliyo kandokando yake. Mkondo wa hewa nao huvuta hewa iliyo jirani, kushoto na kulia. Ukiwa karibu na ukuta, upande wa ukuta hauna hewa ya kutosha ya kuvutwa. Msukumo wa hewa upande huo hupungua, na hewa ya upande wa pili husukuma mkondo hadi ukagusa ukuta. Baada ya hapo mkondo hufuata ukuta na kwenda mbali zaidi, kwa kuwa sasa unachanganyika na hewa ya upande mmoja tu.

Mwaka 1800 mwanasayansi Mwingereza, Thomas Young, aliandika jinsi mwali wa mshumaa unavyovutwa kuelekea mkondo wa hewa unaotoka kwenye mrija. Zaidi ya miaka 100 baadaye, injinia wa ndege kutoka Romania, Henri Coandă, aliyezaliwa Bucharest mwaka 1886, aliichunguza tabia hii na mwaka 1934 akaisajili nchini Ufaransa kama uvumbuzi. Tangu hapo wataalamu huiita kwa jina lake.

Wajenzi wa majumba makubwa waliitumia. Mashine ikipuliza hewa baridi mbali na dari, hewa hiyo huanguka mara moja juu ya kichwa cha aliye karibu, na aliye mbali hapati kitu. Tundu likiwekwa karibu na dari, tuseme umbali usiozidi rula ya shule, hewa huambaa dari, hufika upande wa pili wa chumba, kisha hushuka taratibu ikichanganyika na hewa ya wote. Boriti nene ikikatiza dari, mkondo huvunjika na kushuka kabla ya wakati.

Hewa ya wodini

Sisi wauguzi tulianza kufundishwa juu ya hewa kabla ya mashine hizo. Florence Nightingale, aliyewauguza askari katika vita vya Crimea, alitoa kitabu chake cha uuguzi mwaka 1859. Jambo la kwanza alilosisitiza ni hewa: mgonjwa apate hewa safi kama ya nje bila kutetemeka kwa baridi. Wodi za miaka ile zikajengwa kwa dari ndefu na madirisha marefu pande zote mbili.

Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Lakini watu waliendelea kubishana: kinasafirije? Katika miaka ya 1950, mjini Baltimore, Marekani, Richard Riley na wenzake waliielekeza hewa ya wodi ya kifua kikuu kwenye chumba cha wanyama wadogo wanaofanana na sungura. Wanyama hao hawakuwagusa wagonjwa hata siku moja. Walivuta hewa yao tu, na baadhi wakaambukizwa. Ubishi ukaisha.

Jambo hili linatuhusu sana. Kaunti zetu za kando ya ziwa zimebeba mzigo mkubwa wa virusi vya ukimwi, na mtu anayeishi na virusi hivyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Hospitali ya Homa Bay iliingia katika historia ya Kenya mwaka 2001, pale shirika la MSF lilipoanza kutoa humo dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Dawa zimeokoa wengi, lakini dawa hazifungui dirisha.

Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo walivyofanya katika hospitali za Lima, nchini Peru. Madirisha na milango ikifunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika kama mara 28 kwa saa. Vyumba maalumu vya mashine vilifikisha mara 12. Wodi za zamani, zenye dari ndefu na madirisha makubwa, zilifika mara 40, na zile za kisasa zenye madirisha zilifika 17. Hapo tena, majengo ya wazee yalikuwa na ujuzi ambao wajenzi wapya waliuacha.

Mkondo ni kama punda

Lakini sikiliza upande wa pili. Tarehe 24 Januari 2020, familia tatu zilikula chakula cha mchana katika mkahawa mmoja mjini Guangzhou, China, kwenye meza zilizo jirani. Mmoja wao alikuwa na korona bila kujua. Watu 10 wa familia hizo waliugua. Wachunguzi waligundua kwamba mashine ya hewa baridi ilikuwa ikipuliza mkondo juu ya meza hizo tatu, ukafika upande wa pili na kurudi tena, huku hewa ya nje ikiingia kidogo mno.

Mkondo wa hewa ni kama punda. Atabeba unachompakia. Ukimpakia hewa ya nje, ataifikisha hadi pembe ya nyumba. Ukimpakia moshi au pumzi ya mgonjwa, ataifikisha vilevile. Ndiyo maana feni katika chumba kilichofungwa haisafishi hewa, inaizungusha tu. Kwanza fungua njia mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Kisha mkondo utakusaidia.

Dohani za magharibi mwa Kenya

Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la ITDG, ambalo sasa huitwa Practical Action, lilifanya kazi na nyumba 50 za Kajiado na za magharibi mwa Kenya. Akina mama wenyewe walishiriki kuchagua: madirisha makubwa zaidi, myanya chini ya paa, majiko bora, au dohani ya bati yenye mdomo mpana juu ya moto. Moshi ulipimwa kabla na baada. Dohani ndiyo iliyoleta nafuu kubwa. Hata hivyo, moshi haukwisha kabisa, na hilo tulikumbuke.

Dohani hujengwa ikiwa imeegemea ukuta. Hapo ndipo tunarudi kwa nyanya yetu. Moto ukiwa katikati ya jiko, moshi huvuta hewa kutoka pande zote, hunenepa, hupoa na kusambaa. Moto ukiwa karibu na ukuta wa udongo, moshi hauwezi kuvuta hewa kutoka upande wa ukuta, kwa hiyo huinamia ukuta na kuupanda kwa kuuambaa. Haupoi upesi, kwa hiyo hupanda kwa nguvu. Ukikuta mdomo wa dohani au mwanya pale juu, unatoka. Ukikuta udongo, unarudi kwa mtoto.

Nilimwomba nyanya nitazame tena kwake. Mafiga yake yalikuwa karibu na ukuta, na mwanya wa juu ulikuwa wazi. Hakuwahi kusikia jina la Coandă. Aliweka moto pale kwa sababu mama mkwe wake aliuweka pale.

Na mbu je?

Najua kuna anayeuliza, "Sista, unataka tufungue mwanya ili malaria iingie?" Hapana. Mbu wa malaria hupenda kupita hapohapo chini ya paa, na kwetu malaria ni ya mwaka mzima. Hamjasahau kwamba ni hapa Ndhiwa, Homa Bay, ambapo Kenya ilizindua chanjo ya malaria tarehe 13 Septemba 2019.

Badala ya udongo, tumia wavu. Pigilia wavu wa waya wenye matundu madogo ya kuzuia mbu kwenye mwanya wote wa juu na madirishani. Wavu hupunguza upepo kidogo, lakini hewa hupita. Wavu wa jikoni hushika masizi, kwa hiyo uupanguse mara kwa mara, la sivyo utakuwa kama udongo. Na usiutegemee moshi kufukuza mbu. Hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba unazuia malaria, lakini madhara yake kwa mapafu yanajulikana. Neti yenye dawa ndiyo kinga.

Tufanyeje nyumbani?

Kwanza, soma moshi wako. Unapopika, simama mlangoni kwa dakika moja uutazame. Unapanda wapi? Unaambaa wapi? Unarudi wapi? Moshi utakuonyesha njia ya hewa bila kipimo chochote.

Pili, kama paa ni la mabati na ukuta ni wa udongo, matofali au mawe, sogeza jiko karibu na ukuta, kisha fungua mwanya au jenga dohani juu yake hapohapo. Kama paa ni la nyasi, usiweke moto chini ya ukingo wa nyasi, na usianze kusogeza kitu bila kumwita fundi, maana nyumba inaweza kuungua.

Tatu, fuata upepo. Sisi tulio karibu na ziwa tunajua kama wavuvi wanavyojua: mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Kama unapika zaidi mchana, hewa iingie kwa mlango au dirisha la upande wa ziwa, na moshi utokee upande wa pili. Ukiweka tundu la moshi upande wa ziwa, upepo utaurudisha ndani.

Nne, katika chumba cha kulala, dirisha la juu karibu na dari ni zuri, kwa sababu hewa itaambaa dari na kufika mbali bila kumpuliza mtoto kifuani. Lakini lazima pawe na njia ya kutokea upande mwingine. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apelekwe kupimwa kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Wakati huo, alale penye madirisha wazi.

Tano, jiko la makaa lisiingie kamwe katika chumba cha kulala kilichofungwa. Makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Hapo usitegemee ujanja wa mkondo wa hewa.

Na sita, mtoto asikae jikoni wakati moto unawaka. Kama una uwezo wa gesi, au wa kupikia nje penye kivuli, hiyo ni bora kuliko dohani yoyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano.

Zijue dalili za nimonia. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, usingoje kuche. Mpeleke kituo cha afya.

Yule mama tuliyeanza naye hakuvunja jiko yake. Baba wa mtoto alitoboa udongo wa juu upande mmoja, akapigilia wavu, na mafiga yakahamia ukutani chini yake. Niliporudi, moshi ulikuwa bado upo, lakini ulikuwa unapanda na kutoka, na mtoto alikuwa nje akicheza na kuku. Nyanya alinitazama akacheka. "Sasa umejua mlango," akasema.

Hadi kipindi kijacho, tazama moshi wako.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika jiko yako, moshi unatokea wapi, na nani hukaa katika njia yake?
2. Ni kitu gani kizuri cha nyumba za zamani tulichokiacha tulipoezeka mabati?
3. Tunawezaje kusaidiana katika kikundi kununua wavu au kujenga dohani?